Kijiko cha mtumba kwa shamba la mteremko: angalia miguu kabla ya rangi

Minada ya korosho ikishaanza, simu ninazopigiwa hubadilika. Juni hadi Agosti naulizwa salfa, ubwiriunga na mbu wa mikorosho. Novemba naulizwa bati, pikipiki, na siku hizi mitambo. Msimu huu watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, wamenitumia picha ya kijiko cha njano kinachouzwa Dar es Salaam na swali lile lile: "Bwana shamba, bei nzuri, rangi bado inang'aa, nitume hela?"

Mimi ni bwana shamba, si fundi mitambo. Lakini nimewasindikiza watu kwenda kununua vijiko, na kazi yangu inanipeleka kwenye mashamba ambako vijiko hivyo huja kuchimba, kwa hiyo naviona hata baada ya muuzaji kuacha kupokea simu. Nitaandika hapa yale ninayowaambia wanaonipigia. Wenye mashamba tambarare baadhi ya mambo haya hayatawahusu sana. Nawaandikia zaidi wenye viwanja na mashamba ya mteremko: kwenye vilima vinavyoizunguka ghuba ya Mikindani, kwenye miteremko yetu ya kushukia mabondeni, na ndugu zetu wa Newala ambao uwanda wao unakatika ghafla kuelekea Ruvuma.

Tuelewane kwanza kwa jina. Mtambo ninaousema una mwili kama wa trekta, bakuli kubwa mbele la kuzoa na kusukuma, na mkono wa kuchimbia nyuma. Wengine wanauita kijiko, wengine bekho, na wengi wanauita JCB hata kama ubavuni umeandikwa Caterpillar au Case. JCB ni herufi za kwanza za jina la Joseph Cyril Bamford, Mwingereza aliyeanza kiwanda chake mwaka 1945 mjini Uttoxeter. Nataja historia hii kwa sababu ina maana mfukoni mwako. Kampuni hiyo inatengeneza vijiko Uingereza, na tangu mwaka 1979 inatengeneza India pia. Kijiko cha Uingereza na cha India ukivitazama kwa mbali ni ndugu wa tumbo moja, lakini si kila kipuri chake kinaingiliana. Kwa hiyo kabla hujatuma hata nauli ya fundi, mwambie muuzaji apige picha kile kibao cha chuma chenye aina na namba ya mtambo. Chukua namba hizo uende nazo kwa muuza vipuri, umuulize anacho nini na nini kinaagizwa. Muuzaji akikuambia kibao kimeng'oka, hapo umeshapata jibu.

Sasa jambo la mteremko. Kijiko cha kawaida kina uzito wa tani 7 hadi 8 na zaidi. Kinapotembea kinasimama kwa matairi. Kinapochimba hakisimami kwa matairi tena. Kinasimama kwa bakuli la mbele na miguu miwili ya chuma inayoshushwa nyuma kwa jeki za haidroliki. Matairi ya nyuma yanakuwa yameinuliwa au yanagusa kidogo tu. Hapo ndipo mkono unanyooka pembeni ukiwa umebeba udongo, na uzito wote unahamia mguu mmoja. Mwangalie mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani akishuka kilima: akiteleza mguu mmoja tu, ndoo ndiyo inayomvuta. Kwenye tambarare, kijiko chenye mguu mbovu kinamkera dereva, anashusha tena na kuendelea. Kwenye mteremko, mguu wa upande wa chini ukizama taratibu huku dereva macho yake yako shimoni, mtambo unalala.

Nimeuona mmoja umelala. Ulikuwa unachimba msingi wa ukuta kwenye kiwanja cha mtu, kilima si kirefu hata. Dereva alivunjika mguu kwa sababu aliruka. Wenzake walisema angebaki ndani ya kibanda amefunga mkanda asingeumia hivyo, na mafundi wengi wanasema vivyo hivyo, maana kibanda kimejengwa kwa vyuma vya kumkinga aliye ndani. Anayeruka mara nyingi anaruka upande ule ule mtambo unakoangukia. Ndiyo maana siku hizi nikiona kijiko ambacho kibanda chake kimekatwa ili kiingie kwenye kontena, au kimeondolewa mkanda, siendelei kuuliza bei.

Miguu inapimwa hivi, na hutakiwi kuwa fundi. Mtambo ukiwa umewaka, shusha bakuli la mbele hadi matairi ya mbele yainuke, kisha shusha miguu ya nyuma hadi matairi ya nyuma yainuke pia. Zima mashine. Chukua chaki, weka alama kwenye kila jeki pale chuma kinachong'aa kinapoingilia kwenye silinda yake. Kaa kivulini robo saa. Rudi utazame. Alama zikiwa zimebaki pale pale au zimesogea kwa upana wa uzi, vizuri. Zikiwa zimesogea, jua sili zimechoka au valvu zinavujisha. Fanya vivyo hivyo na mkono: unyooshe ukiwa hewani na bakuli lake limejaa udongo, zima, utazame unashuka kwa kasi gani.

Tulipokwenda Dar na mzee mmoja wa hapa Likombe, kijiko cha kwanza tulichoonyeshwa kilikuwa kizuri kuliko vyote uwanjani. Kimepigwa rangi, viti vipya, redio inaimba. Tuliweka chaki, tukaagiza soda. Soda haijaisha, mguu wa kushoto umeshazama vidole vinne. Muuzaji akacheka, akasema sili ni vitu vya bei ndogo, atabadilisha leo leo. Na kweli sili si bei kubwa. Lakini fundi tuliyekwenda naye alipitisha kucha kwenye ile nondo inayong'aa ya jeki, akamwambia mzee naye apitishe. Ilikuwa na vijishimo vya kutu kama uso wenye ndui. Nondo ya namna hiyo inakwangua sili mpya kila inapopanda na kushuka, na baada ya muda mfupi unarudi pale pale. Dawa yake ni nondo mpya au jeki nyingine, na hiyo si bei ya sili. Sisi watu wa pwani tusisahau hilo: hewa ya chumvi inakula vyuma hivi vikiegeshwa muda mrefu jeki zikiwa zimetoka nje.

Muuzaji alipunguza bei mara mbili pale pale. Mzee alikuwa na hela ya misimu mitatu ya korosho, yake na ya wadogo zake wawili, na tulikuwa tumeshalala Dar usiku mbili kwa gharama. Mimi nilidhani atayumba. Akamuuliza fundi kitu kimoja tu: "Huu mguu ukizama kule kwangu kilimani, nani anakuwa amekaa kwenye kiti?" Fundi akasema, dereva. Mzee akasema, "Dereva ni mpwa wangu," akachukua kofia yake tukaondoka. Kwetu huku mjomba anajua atamjibu nani nyumbani.

Kuna jambo jingine kuhusu miguu ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na wanunuzi hawaulizi. Vijiko viko vya aina mbili kwa namna mkono ulivyofungwa nyuma. Aina ya kwanza, mkono unaweza kuhamishwa kwenye reli kutoka kushoto kwenda kulia. Vingi vinavyotoka Uingereza ni vya aina hii. Faida yake ni kwamba unaweza kuchimba mtaro sambamba na ukuta wa nyumba bila kugusa ukuta. Lakini miguu yake inashuka wima, ndani ya upana wa mtambo wenyewe. Aina ya pili, mkono umefungwa katikati hauhami, na miguu yake inatanuka nje kama miguu ya mtu anayejiandaa kuinua gunia. Aina hii inasimama kwa mapana zaidi. Kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni viwanja vya mjini, vyembamba, ukuta huku ukuta kule, ile ya kwanza inamfaa. Kwa shamba la kilimani, mimi ningetafuta ya pili hata kama ni ya zamani kwa miaka kadhaa. Ukikosa, chukua ya kwanza, lakini kagua vile vibano vinavyoushika mkono kwenye reli. Vikivuja oili, mkono unacheza, na mtambo mzima unatikisika kila dereva anapougeuza.

Baada ya miguu, breki. Vijiko vina pedali mbili za breki, moja ya tairi la kushoto na nyingine ya kulia, na kuna kipande cha chuma cha kuziunganisha unapotembea barabarani. Hakikisha kipo. Kikikosekana, siku dereva atakapokanyaga pedali moja akishuka kilima, mtambo utajigeuza wenyewe. Kisha jaribu breki mlimani. Muuzaji atakuambia hapa hakuna mlima. Kila yadi ina lundo la kifusi au barabara yenye mwinuko karibu nayo. Panda nusu, simama, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye pedali, hesabu hadi 60. Kisha geuza uelekee chini ufanye tena. Usikubali majaribio ya mita 20 kwenye sakafu ya zege.

Kijiko kiwe cha kuvuta kwa matairi yote manne. Mchanga wetu haujali ukubwa wa mtambo. Cha matairi mawili kinajizika kwenye kichanga chekundu kama pikipiki. Wengine wanauza cha matairi manne ambacho shafti ya mbele imeondolewa kwa sababu difu ya mbele imekufa. Lala chini utazame shafti ipo, kisha inua matairi ya mbele kwa bakuli, dereva aingize gia polepole, utaona kama yanazunguka.

Injini nitaipitia haraka kwa sababu mafundi wa injini tunao wengi hata hapa Mtwara mjini. Mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, mtu ameificha tabia yake ya asubuhi. Moshi mweusi wakati inabeba mzigo si ajabu sana. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokatika baada ya kupata moto, mwite fundi wako pembeni. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: ikikupumulia usoni kama mgonjwa wa pumu, ringi zimekwisha. Kuhusu ile saa inayohesabu masaa ya kazi, usiiamini peke yake. Tazama mpira wa pedali, viwiko vya kiti na vishikio vya levari. Saa ikisema 3,000 na pedali zimelika hadi chuma, amini pedali.

Pini na bushi ndizo zinazokula hela polepole. Weka bakuli la nyuma chini, mwambie dereva autikise mkono kidogo kushoto na kulia, wewe tazama maungio. Kila ungio litacheza kidogo. Kinachotisha ni pale mkono mzima unapoungana na mwili, ule mhimili unaougeuza. Pale pakicheza upana wa kidole, tundu lenyewe limeshakuwa yai, na kulirudisha mviringo ni kazi ya karakana yenye mashine za kuchongea, si ya mchomeleaji wa mtaani. Tafuta pia mahali palipochomelewa kisha pakapakwa rangi. Rangi mpya sehemu moja tu ni kama plasta: uliza chini yake kuna nini.

Mkoa wetu una sababu yake ya kuhofia mitambo ya mtumba isiyokaguliwa. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mpango ule ulianza Kongwa mwaka 1947, na sehemu kubwa ya matrekta yao ya mwanzo yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyonunuliwa Ufilipino baada ya vita. Yalifika yakiwa yamechoka, vipuri haviendani, karakana hazijawa tayari, na udongo wa Kongwa ukikauka unasaga majembe ya chuma. Mengi yalisimama mapema. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli yetu ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wale walikuwa na hazina ya nchi nyuma yao. Wewe una korosho.

Hilo linanileta kwenye hesabu, ambayo naona watu wengi wanaifanya baada ya kununua. Mzee wangu yule nilikaa naye ukumbini kwake kabla ya safari, tukaandika kazi zake zote za kilimani. Makingamaji ya mistari mitano, kila mmoja mita 100. Mtaro wa sentimita 60 kwa 60 unatoa mita za ujazo 36 kwa kila mita 100, kwa hiyo mistari mitano ni 180. Lambo la kuvunia maji ya mvua, tukakadiria mita za ujazo 200. Jumla 380. Kwenye kichanga chetu mimi nahesabu mita za ujazo 20 kwa saa, maana kijiko hakichimbi muda wote. Kinapandisha miguu, kinahama, kinashusha tena. Hayo ni masaa 19. Visiki 12 vya mikorosho iliyozeeka, masaa 8. Kusawazisha uwanja wa nyumba na kurekebisha njia ya gari, masaa mengine 8. Yote ni masaa 35. Tuseme kukodi ni shilingi 80,000 kwa saa, na wewe weka bei ya kwenu: ni shilingi 2,800,000, ongeza gharama ya kukileta. Linganisha na makumi ya mamilioni ya kununua.

Kwa hiyo kwa shamba lake peke yake mzee hakuwa na sababu ya kununua, nikamwambia hivyo. Akanijibu kwamba mdogo wake anafanya biashara ya mawe na mchanga, na kwamba kwenye mitaa ya karibu watu wanakodi kijiko kutoka mjini na kungoja zamu wiki nzima. Tukaandika majina ya watu waliosema watakodi, siyo waliosema ni wazo zuri. Hao ni watu wawili tofauti. Majina yalitosha, nikanyamaza. Yasingetosha ningemshauri akodi, na ningemshauri hivyo hata kama mtambo wenyewe ungekuwa wa bure, kwa sababu dizeli, oili ya haidroliki, mipira ya presha na matairi havijui kama ulipewa bure.

Kumbuka pia kwamba hela ya korosho inafika Oktoba hadi Desemba, na mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukinunua hela ikifika, mtambo unakuja wakati mbaya kabisa wa kuuweka kilimani. Mteremko uliolowa usiupande na tani 8. Tumia miezi hiyo kufanya kazi za tambarare na kumzoesha dereva, kilima kingoje Juni.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye kazi yangu halisi. Kijiko kinaweza kuharibu kwa siku moja kilima ambacho babu yako alikilima miaka 40 bila kukiumiza. Udongo wetu ni mchanga mtupu chini ya ngozi nyembamba ya mizizi. Ukiufungua mtaro unaoelekea chini, hata kwa mshazari kidogo, mvua mbili kubwa zinaugeuza korongo. Kabla mtambo haujafika, pima kontua kwa fremu A, piga mambo, anza mstari wa juu kabisa kisha ushuke. Makingamaji yawe ya fanya juu, yale waliyoyaeneza wenzetu wa Machakos nchini Kenya: unachimba mtaro kwenye kontua, udongo unautupa upande wa juu. Hii inamfaa pia dereva. Sheria ya kwanza ya kuchimba kwenye mteremko ni kugeuza mkono wenye mzigo kuelekea mlimani, kamwe usiuelekeze bondeni ukiwa umenyooka, maana hapo ndipo mtambo unapovutwa. Kwa hiyo kinachofaa udongo na kinachomlinda dereva ni kitu kimoja.

Tatizo liko kwenye kutembea. Kufuata kontua maana yake mtambo unalalia ubavu. Mteremko ukiwa mdogo, sawa. Ukizidi, dereva ajitengenezee kwanza kitako cha kusimama kwa bakuli la mbele, sehemu kwa sehemu, akisimama kwa kuelekea juu au chini. Kikishindikana kitako, rudini kwenye jembe na sururu, hakuna aibu. Wakati wa kupanda na kushuka, upande mzito ubaki juu: bakuli la mbele likiwa limejaa, panda kwa mbele na shuka kwa rivasi, bakuli likiwa karibu na ardhi. Usishuke ukiwa frii hata siku moja. Na mtaro ukizidi kina cha kifua, mtu asiingie ndani. Mchanga wetu hautoi taarifa kabla ya kuporomoka.

Kuhusu lambo, kichanga hakishiki maji. Ukichimba bila mfinyanzi au karatasi nzito ya nailoni, umechimba kaburi la hela. Na kama unachimba karibu na mto, kijito au ufukwe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60. Pita ofisini kwanza. Wale wa karibu na bahari wajue pia kwamba chini ya mchanga kuna mawe ya matumbawe, nayo yanakula meno ya bakuli. Kagua meno na uliza bei yake kabla ya kukubali kazi ya huko.

Mzee alinunua Januari 2024, cha mkandarasi aliyekuwa amemaliza kazi yake. Ni cha zamani, rangi imechubuka hadi unaona ya kwanza chini yake, kiti kimeshonwa kwa gunia. Miguu yake inatanuka, na tulipoweka chaki haikusogea. Tulipekua nyaraka za forodha na za umiliki, tukahakikisha hakidaiwi mkopo na benki, tukaandikiana mbele ya wakili. Tangu hapo amebadilisha mipira miwili ya presha na matairi ya nyuma, yote ilitarajiwa. Kilichomkuta bila kutarajia ni ule mwezi wa Mei. Sili za pampu ziliisha na zilikuwa Dar, na kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ikakatika upande wa Kilwa. Mtambo ulikaa chini ya mwembe, wateja wakasubiri. Sasa anaweka akiba ya sili, filta na mipira miwili nyumbani, kwenye sanduku lenye kufuli, na mwenye ufunguo ni mke wake kwa sababu mzee mwenyewe anakopesha vitu.

Mpwa wake bado anaweka chaki kila Jumatatu. Mstari wa tatu wa makingamaji wameumaliza wiki iliyopita, umebaki ule wa chini wenye mteremko mkali, na huo tumekubaliana utachimbwa kwa mikono.

Fremu A ninazo mbili ofisini. Anayetaka kuazima aje na mtu mmoja wa kumsaidia na mambo zisizopungua 50, nitamwonyesha namna ya kupima ndani ya asubuhi moja. Njooni kabla ya mwisho wa Agosti.